Mwisho wa reli: kutoka stesheni ya Kigoma kwenda Ujiji, Katonga na Kibirizi

Anayeshuka kwenye treni Kigoma mchana, mkononi ana begi moja tu, hapati shida yoyote. Daladala hupaki mbele ya stesheni, barabara ya Lumumba inaanzia hapo hapo, bandari iko jirani. Ila ukishuka saa tisa usiku na gunia la mchele na watoto wawili, hapo mambo ni mengine kabisa. Kwa hiyo huduma hii ya usafiri wa kutoka stesheni haiwezi kupewa alama moja. Mchana inastahili nane kwa kumi, usiku nne, na alama zinazopotea zinapotea kwa sababu zinazojulikana.

Tuanze na sifa, maana zipo. Reli ilifika hapa mwaka 1914, baada ya kilomita zipatazo 1,250 kutoka Dar es Salaam, na Wajerumani waliileta mpaka ukingoni mwa ziwa makusudi ili mzigo utoke kwenye behewa uingie melini. Faida ya uamuzi ule anaila msafiri wa leo. Hakuna kutembea kilomita kutafuta kituo. Unatoka langoni, mji uko mbele yako, unapanda mlima.

Ruti za kujua ni tatu. Ya Ujiji inapanda Lumumba, inapita eneo la Mwanga, kisha inashuka Ujiji, jumla kama kilomita nane. Ya Katonga inafuata upande wa kusini magharibi, kwenye kijiji cha wavuvi. Ya Kibirizi inaelekea kaskazini, kama kilomita tatu, kwenye depo za mafuta na boti za ziwani. Usitegemee maandishi ya kwenye kioo peke yake. Muulize konda, "Unafika Ujiji mwisho?" Swali hilo lina sababu: jioni abiria wakipungua, baadhi ya magari hukatisha ruti na kuishia Mwanga, na aliyelipa nauli ya Ujiji anajikuta anapanda gari la pili kwa fedha nyingine. Ukiuliza kabla ya kukaa, una haki ya kudai. Ukiuliza Mwanga, umechelewa.

Nauli ya daladala hupangwa na LATRA, mamlaka ya serikali ya usafiri wa ardhini, kwa hiyo haijadiliwi. Kinachojadiliwa ni mzigo. Hapa ndipo ugomvi mwingi unapoanzia, na ukiielewa Hiace, basi dogo linalofanya kazi ya daladala, utaona kwa nini. Gari halina keria ya juu. Mzigo una sehemu tatu tu: nyuma ya siti ya mwisho, chini ya siti, au juu ya injini nyuma ya dereva. Ukilaza gunia kwenye njia, kiti cha kukunja hakifunguki, na abiria wa nyuma hawawezi kutoka bila kuliruka. Ndiyo maana konda anakataa au anakutoza siti nzima, na kwa gunia la kilo 50 hajakuonea. Pale juu ya injini panafaa nguo na vyombo. Usiweke samaki, mboga wala dawa, kwa sababu injini ya Hiace iko chini ya siti za mbele na bati lile linachoma.

Maandalizi yaanze treni ikiwa Kazuramimba, stesheni iliyo kabla ya kufika Kigoma, si ikishasimama Kigoma. Funga mizigo, toa vitu vya juu, weka mfuko wa mbele sarafu za mia tano na noti za elfu moja. Konda wa alfajiri hana chenji ya elfu kumi, na atakushikia hiyo noti mpaka mwisho wa ruti.

Treni ikisimama, dakika kumi za kwanza ni vurugu. Bodaboda na bajaji wanakuja mpaka kwenye njia ya kutokea, kila mmoja anashika begi. Usimwachie mtu begi kabla ya kukubaliana bei. Kwa bajaji, neno la kuuliza ni moja: "Ni kichwa au chombo?" Bei ya kichwa maana yake dereva ataongeza abiria njiani. Bei ya chombo maana yake umekodi bajaji yote. Anayekubali bei bila kuuliza hilo ndiye anayelipa mara mbili. Kwa familia yenye mizigo mingi bajaji ndiyo bora, lakini wakati wa masika mweleze dereva kabisa nyumba iko wapi. Lami ikiisha, vichochoro vya mlimani vinateleza, na bajaji yenye watu watatu na magunia hukwama katikati ya kilima. Dereva atakushusha hapo, utabeba mwenyewe. Bodaboda inafaa kwa mtu mmoja na begi la mgongoni, basi.

Asiye na haraka aache wimbi la kwanza lipite. Daladala ya kwanza inaondoka imeshonana, ya pili watu wanapumua.

Sasa usiku. Kigoma iko magharibi mwa nchi, saa tunayotumia ni ile ile ya Dar es Salaam, kwa hiyo jua linachomoza karibu saa moja asubuhi. Treni ikiingia saa kumi na mbili, anayetoka Pwani anadhani kumekucha, kumbe nje bado ni giza. Kama hakuna mwenyeji anayekuja kukupokea, kaa ndani ya stesheni na abiria wengine mpaka kupambazuke. Ukilazimika kuondoka, chukua bajaji iliyopaki kwenye kijiwe chao, si ile inayokuita kutoka gizani, na soma namba ya gari kwa sauti ukimpigia ndugu simu. Taa za kutosha nje ya lango na ubao mmoja mkubwa wenye ruti, nauli na saa ya gari la mwisho vingeipandisha huduma hii ya usiku mara moja. Havihitaji mradi mkubwa.

Kwa wanaounganisha kwenda Burundi au Kongo, jambo la kwanza ni saa. Burundi na mashariki ya Kongo wako nyuma yetu kwa saa moja. Anayetoka Bujumbura au Uvira kuja kupanda treni, saa yake ikionyesha saa mbili, Kigoma ni saa tatu, na treni haimsubiri. Simu ikinasa mnara wa ng'ambo inaweza kujirudisha nyuma yenyewe, hivyo iangalie tena ukifika. Boti za kaskazini, za Gombe hadi Kagunga mpakani, zinatokea Kibirizi, si bandari kuu. Kwa kawaida huondoka karibu na adhuhuri, na Jumapili hazisafiri. Treni ikichelewa ikaingia mchana, usikimbilie Kibirizi, tafuta pa kulala. Anayevuka mpaka amalize mambo ya Uhamiaji kabla ya kupanda boti, na abadilishe faranga mapema, kwa sababu konda hazipokei.

Safari ya kurudi, kutoka daladala kwenda kwenye treni, tatizo ni mawese. Dumu la lita 20 likijaa lina karibu kilo 18, na konda anakubali mawili chini ya siti. Acha nafasi ya vidole vitatu chini ya mdomo, kwa sababu mafuta hutanuka yakipata joto. Weka nailoni juu ya mdomo kwanza, kisha kaza kifuniko juu yake. Lisimamishe, usililaze, na lipanguse kabla hujaingia: dumu lenye ute wa mafuta likigusa kanga ya jirani, doa lile jekundu halitoki.