Fundi wa deki sokoni Kadutu
Deki yangu ya CD ilipoanza kunguruma na kukwaruza, niliipeleka kwa fundi mmoja wa soko la Kadutu, hapa Bukavu, nikiamini kwamba mota imekufa. Kabla ya kufungua hata skrubu moja aliweka CD ya kiwandani, nayo ikacheza bila kelele. Kosa, basi, lilikuwa kwenye zile nilizochoma mwenyewe nyumbani, ambazo huakisi mwanga hafifu kuliko za kiwandani, na tena karatasi za majina nilizozibandika juu, zisizokaa sawasawa, zilizifanya ziyumbe zikizunguka. Alisafisha lenzi, akanishauri nichome upya kwa kasi ndogo bila karatasi. Mngurumo umekwisha. Bei ni ya haki, ingawa foleni yake ya Jumamosi inachosha kweli.