Uwanja wa shabaha wanakotazama bastola yako kabla ya uso wako

Nyota tatu kati ya tano. Mbili nilizozikata hazihusu jengo. Jengo halina shida: taa haziumizi macho, feni zinasukuma moshi uende mbele badala ya kukurudia puani, na karibu na mlango kuna beseni lenye sabuni na maji baridi. Hilo beseni wengi wanalipita tu. Vumbi linalobaki mikononi baada ya kufyatua lina madini ya risasi, yale yale yaliyoipa risasi jina lake, kwa hiyo nawa kabla hujagusa simu wala uso.

Nina miezi minane pale. Bastola yangu ni Taurus PT92, ya kampuni ya Brazil, nimeipata ya mkono wa pili, imechubuka rangi pembeni. Siku ya kwanza nilipoitoa kwenye mkoba, jirani yangu aliitupia jicho moja, akasema, "Dada, hiyo ni Beretta ya wasio na hela," yaani nakala ya bei rahisi ya bastola ya Kiitaliano. Nikatabasamu kama mjinga. Leo ningemwambia kwamba mwaka 1980 Taurus walinunua kiwanda cha Beretta cha São Paulo pamoja na mashine zake, miaka mitano kabla jeshi la Marekani halijaichagua Beretta 92 na kuiita M9. Ningeongeza kwamba kitufe cha usalama cha PT92 kipo kwenye fremu, hapo kidole gumba kinapofika chenyewe, na mwenye vidole vifupi kama mimi anajua thamani ya hilo. Lakini majibu mazuri huja ukiwa umeshafika nyumbani.

Nilichokuja kuelewa ni kwamba pale kuna ngazi ya vyeo isiyoandikwa ukutani. Juu kabisa wamekaa wenye 1911, bastola iliyobuniwa na John Browning na kupokelewa na jeshi la Marekani mwaka huo wa 1911, nao huishika kama urithi wa babu hata kama wameinunua juzi. Wenye Glock, bastola ya kisasa yenye fremu ya plastiki, wanawaona hao wamepitwa na wakati. Wenye 1911 nao wanaiita Glock plastiki. Kuna kijana ana kilengeo cha nukta nyekundu, anamcheka kila anayeshika revolva. Na ubishi wa ukubwa wa risasi hauishi! Kwa watu wa risasi za .45 (ni sehemu ya inchi), 9 mm ni ya kutobolea karatasi tu. Ukipima, upana unatofautiana kama milimita mbili na nusu, na mimi sijamwona yeyote pale anayetoboa kitu kingine zaidi ya karatasi.

Dharau ya bastola naivumilia. Kinachonichosha ni walimu wasioitwa. Mwanamke akisimama kwenye kituo cha kufyatulia peke yake, ndani ya dakika tano kuna kaka nyuma yake. Mmoja aliniondolea mkono wa kushoto bila hata kuomba, akauweka chini ya kitako cha bastola kama kisahani chini ya kikombe cha chai. Ushikaji huo hauzuii chochote, mtutu unaruka juu vile vile, kwa sababu mkono wa pili kazi yake ni kubana kutoka ubavuni. Tena alinigusa nikiwa na risasi kwenye chemba, tayari kufyatuka. Hilo peke yake lilitosha kumtoa nje siku hiyo, lakini alikuwa mwanachama wa siku nyingi, basi msimamizi akatazama pembeni.

Tofauti yake niliiona kwa mzee mmoja anayekuja na bastola ndogo ya .22, ile ambayo wakubwa wanaiita ya watoto. Alisubiri nimalize magazini, yaani kasha la risasi, nikaiweka bastola chini, ndipo akasema kwa sauti ya kupita plagi za masikio, "Binti, unataka kuambiwa kitu, au unataka kuachwa?" Nikasema niambie. Risasi zangu zote zilikuwa zinaangukia chini kushoto. Akaniomba magazini, akageuka ili nisione, akachanganya risasi bandia mbili katikati ya za kweli. Nikafyatua ya kwanza, ikalia. Ya pili ikasema *klik*, na mimi mwenyewe nikaona mtutu ukiinama kama mtu anayesinzia. Nilikuwa nauogopa mshtuko kabla haujaja. Mzee hakusema neno, akaniachia zile risasi bandia akarudi kwenye kituo chake. Wiki tatu baadaye, kwa mita kumi, matundu yangu yote yalikuwa ndani ya ukubwa wa kiganja.

Sasa kilichoondoa nyota ya pili. Utaratibu wa pale, kama viwanja vingi vilivyo wazi, ni kwamba ikiitwa "Sitisha!" kila mtu anatoa magazini, anaiacha bastola mezani ikiwa imefunguliwa chemba, anarudi nyuma ya mstari, na hakuna anayegusa kitu hadi watu waliokwenda kubadilisha karatasi warudi. Jumamosi moja upande wa nje nilikuwa mbele na stepla mkononi. Nageuka, namwona bwana wa 1911 amesimama mezani anaifuta bastola yake kwa kitambaa, mdomo wa mtutu umeelekea kwetu sisi watatu. Nikapiga kelele. Mtu yeyote ana haki ya kupiga kelele pale, ni kanuni ya kwanza unayosomewa ukijiunga.

Akasema haina risasi. Huyu ndiye anayemtaja Jeff Cooper, yule mwalimu wa shabaha wa Marekani, kila akifungua mdomo, kwa sababu Cooper aliipenda .45. Kanuni nne zilizoenezwa na Cooper huyo huyo zinaanza na kuichukulia kila bunduki kuwa ina risasi, na inayofuata ni kutoelekeza mtutu kwa kitu usichokuwa tayari kukiharibu. Msimamizi alimwita "mkuu" na kumwomba aiweke chini. Basi. Wiki iliyotangulia, kijana mgeni mwenye bastola ya kuazima alirudishwa nyumbani kwa kuacha kidole kwenye triga akiwa anaongea. Kumrudisha kijana kulikuwa sahihi. Mkuu je?

Niliandika malalamiko kwenye daftari la mapokezi, nikajibiwa kwa adabu kwamba watamkumbusha. Bado sijaona tangazo lolote.

Kwa mgeni anayefikiria kujiunga: ukumbi wa ndani una mwangwi, vaa plagi na juu yake vifuniko vya masikio, maana mlio wa bastola unapita desibeli 140. Kituo cha mwisho kushoto ndicho kizuri, bastola nyingi hutupa maganda kulia na hapo hutapata ya jirani shingoni. Maganda yasiyo yako usiokote bila kuuliza, kuna watu wanayajaza upya na wanayahesabu kama kuku wao.

Nimelipia miezi mitatu mingine, ila naenda asubuhi za katikati ya wiki tu. Bwana wa 1911 huja Jumamosi.