Simuleta za skrini za kufundishia polisi bastola: zinapofaa na zinapokwama

Kwa kazi moja mashine hizi za kuiga matukio kwenye skrini hazina mpinzani: kumfundisha askari kuamua afyatue au asifyatue. Shabaha ya karatasi yenye miduara, ambayo polisi wa Marekani waliilenga kwa miongo mingi, wima na kwa mkono mmoja, haimuulizi mtu swali hilo. Mwaka 1984 Jody Scheckter, bingwa wa dunia wa Formula 1 wa 1979 (ndiyo, dereva wa magari ya mashindano), alianzisha kampuni ya simuleta ya FATS. Mwaka 1985 Mahakama ya Juu ya Marekani, katika kesi ya Tennessee dhidi ya Garner, ikakataza kumuua mtoro asiye tishio kubwa. Kulenga vizuri peke yake hakukutosha tena.

Siku hizi bastola hufungwa leza, na magazini ya gesi ya kaboni dayoksaidi ndiyo inayosukuma slaidi, sehemu ya juu ya bastola inayorudi nyuma kila unapofyatua. Kamera husoma nukta ya leza kwenye skrini. Mkufunzi, akiwa kwenye kompyuta, hugeuza kisa: askari akitoa amri ya kueleweka, mtu anaangusha kisu, akibabaika, mtu anamsogelea. Simuleta ya VirTra V-300 ina skrini 5 zinazomzunguka askari kwa nyuzi 300, na hapo ndipo pesa inapoonekana, maana skrini moja humzoesha kutazama mbele tu.

Kasoro kubwa ni teke, yaani msukumo wa bastola mkononi inapofyatuliwa, ambalo ni dogo kuliko la risasi halisi. Anayeshtuka akivuta triga hupata alama nzuri humu, kisha anaharibu uwanjani. Dawa yake ni ya zamani na haina gharama: huko uwanjani, changanya risasi bandia 1 au 2 na zile halisi kwenye magazini bila kumwambia. Bastola isipolia huku mdomo wake ukiinama, ugonjwa umejulikana.

Gesi nayo ina vituko. Ukifyatua mfululizo, magazini hupoa, shinikizo hushuka na slaidi hairudi hadi mwisho. Wengi huanza kufungua bastola bure. Badilisha magazini, ile ya kwanza ipate joto. Leza ikigongwa huhama, basi ilinganishwe kabla ya kila kipindi. Kumbuka pia kwamba mtu "aliye mbali" kwenye skrini yuko mita chache tu kutoka machoni, kwa hiyo umbali haufundishiki humu.

Usinunue kama mkufunzi hatapewa muda. Kisa cha dakika 2 kinastahili maswali ya dakika 10, video ikirudishwa: uliona nini mkononi mwake kabla hujafyatua?