Govinfo: kalamu yangu nyekundu imekosa kazi
Mimi ripoti nisipoichorachora naona sijaisoma, kwa hiyo niliingia govinfo, hazina ya mtandaoni ya Government Publishing Office ya Marekani, kwa shingo upande. Sasa printa yangu inashika vumbi. Bajeti, miswada, gazeti rasmi la Federal Register: vyote bure, hakuna kujisajili. Kilichonikosha hasa ni saini ya kidijitali kwenye PDF. Faili ikichezewa, inagundulika. Karatasi haikuwahi kunipa hilo. (Ofisi yenyewe ilibadili jina mwaka 2014, “Printing” (kupiga chapa) ikawa “Publishing” (kutoa machapisho). Ujumbe umefika!) Majedwali mapana nayaacha hadi nifike kwenye kompyuta, kisimu changu kina kioo cha kiganja. Nyota nne na nusu.