Kipimajoto cha kidijitali chenye kitufe cha C na F, kiko poa sana

Hiki kipimajoto nimekipenda kweli, kikubwa ni kile kitufe cha kubadili Fahrenheit kwenda Celsius, unabonyeza tu basi, maana mtoto akichemka usiku nani ana akili ya kutoa 32 afu agawanye kwa 1.8? Skrini ina taa, inasomeka hata gizani. Ila herufi ya C au F wameiweka ndogo mno, waikuze jamani, mtu akiona 100.4 ajue hapohapo hiyo ni 38, tayari homa. Na ile hesabu ya haraka ya kutoa 30 ugawe kwa 2 iacheni kwa hali ya hewa, kwenye homa inadanganya, 100 inakupa 35 wakati ni karibu 37.8.