Uzoefu wangu: meno ya mnyororo kwa matembezi mafupi ya milimani majira ya baridi

Njia fupi na nyepesi mara nyingi ndizo zinazoteleza kuliko njia ndefu. Zinapendwa na wengi, kwa hiyo theluji yake hukanyagwa ikashindiliwa, jua la mchana likaiyeyusha juu juu, na usiku ikaganda. Asubuhi yake ni barafu tupu, na hapo soli ya raba haishiki kitu hata iwe na mikato mirefu namna gani. Kwa matembezi ya saa moja au mbili, meno ya mnyororo, yaani meno ya chuma yanayovaliwa juu ya kiatu, ndiyo kifaa ninachokitia mkobani kabla ya kingine chochote.

Ninayotumia ni ya muundo wa kawaida: raba nene inayovutika na kuzunguka kiatu, na chini yake minyororo inayobeba meno ya chuma ya urefu wa sentimita moja hivi. Jozi nzima ina uzito wa gramu 400 au pungufu. Yapo pia yaliyotengenezwa kwa waya uliosokotwa, bila meno. Hayo yanatosha kwenye barabara tambarare, mlimani siyaamini.

Saizi ipimwe kwa kiatu chenyewe cha baridi, maana huwa kinene kuliko cha kila siku. Raba ikilegea, meno huhamia ubavuni mwa kiatu pale unapokata mteremko kimshazari. Ikibana mno, damu haifiki vizuri kwenye vidole na vinaanza kufa ganzi. Kuvaa ni rahisi: ncha ya kiatu inatangulia, unaiweka sawa katikati, kisha unavuta raba ya nyuma mpaka ipande juu ya kisigino. Tembea dakika tano, simama, kagua tena, kwa kuwa raba hujisogeza. Na uvae kabla ya kuikuta barafu. Wengi huanguka wakiwa wamesimama kwa mguu mmoja juu ya barafu, wanahangaika na mguu wa pili.

Mwendo nao unabadilika kidogo. Kanyaga kwa unyayo wote, hatua ziwe fupi, na miguu iachane kuliko kawaida, la sivyo jino la mguu huu litanasa pindo la suruali ya mguu ule. Suruali pana ni adui.

Kasoro yake kubwa ni theluji yenye majimaji, ile ya joto linalokaribia nyuzi 0. Hugandamana kwenye minyororo, bonge likakua chini ya soli, na meno yakawa hayagusi ardhi kabisa. Gonga ubavu wa kiatu kwa fimbo kila baada ya hatua kadhaa. Bonge likirudi haraka, vua. Unakuwa salama zaidi bila meno kuliko nayo. Kwenye theluji laini inayofika magotini nayo hayana kazi, hapo panataka viatu vipana vya theluji.

Mteremko mkali pia si mahali pake. Mimi nakomea kwenye mwinamo wa nyuzi 25 hivi, kwa sababu raba haikishiki kiatu kwa uimara wa kramponi (fremu ya chuma yenye meno marefu inayofungwa kiatuni), na mguu unaweza kusogea ndani yake. Jambo jingine ambalo watu hulisahau wakishajisikia wanashika vizuri: njia yenyewe inaweza kuwa tambarare huku ikipita chini ya ubavu wa mlima wenye mwinamo wa nyuzi 30 hadi 45, na huko ndiko maporomoko mengi ya theluji huanzia. Soma taarifa ya maporomoko ya siku hiyo hata kama unakwenda kilomita tatu tu.

Ukirudi, suuza kwa maji safi, tundika pakavu penye hewa, mbali na hita, kwani joto huikausha raba ikapasuka. Kwenye mawe matupu yavue, maana meno huwa butu upesi. Kuyanoa tumia tupa ya mkono. Mashine hupasha chuma moto na kukifanya kiwe laini. Raba huanza kuchanika kwenye matundu yanayoshika pingili za mnyororo, hivyo ndiyo sehemu ya kukagua kila mara. Mfukoni nabeba kipande cha waya laini cha kuunganishia pingili ikifunguka njiani. Vifungo vya plastiki vya kufungia nyaya sivipendi kwa kazi hiyo, kwa sababu baridi kali huvifanya vikatike kirahisi.