Ukumbi wa Mumia za Kifalme, Kairo: Tathmini ya Namna Wafu Wanavyotunzwa

Makumbusho ya Taifa ya Ustaarabu wa Misri, yaliyoko Fustat jijini Kairo, yana mengi ya kutazama, lakini tathmini hii inahusu sehemu moja tu, yaani Ukumbi wa Mumia za Kifalme (mumia ni miili ya wafu iliyokaushwa na kuhifadhiwa). Humo wamelazwa wengi wa wafalme 18 na malkia 4 waliohamishwa kutoka makumbusho ya zamani ya Medani ya Tahrir tarehe 3 Aprili 2021, kwa msafara uliopokelewa kwa mizinga 21. Nimeupima ukumbi huu kwa swali moja: je, mgeni anatoka akiwa ameona watu, au ameona vitu? Kwa maoni yangu anatoka akiwa ameona watu, na hilo limetokana na maamuzi ya makusudi.

Mgeni hushuka kwa njia ya mteremko hadi kwenye vyumba vyenye mwanga hafifu, vilivyojengwa kwa kufuata mandhari ya makaburi ya Bonde la Wafalme, walikozikwa wafalme wengi wa Misri ya kale. Mpangilio unafuata wakati, kuanzia mfalme Seqenenre Tao wa Nasaba (ukoo wa watawala) ya 17 hadi Ramses IX wa Nasaba ya 20, na kila mmoja amepewa nafasi yake badala ya kupangwa safu moja na wenzake. Miili imefunikwa kwa kitani, ikiachwa wazi zaidi sehemu ya kichwa. Kupiga picha ni marufuku, na ninaiona amri hiyo kuwa jambo bora kuliko yote ukumbini, kwa sababu mtu asiye na simu mkononi husimama, husoma, na hushusha sauti bila kuambiwa.

Upande wa uchunguzi ndio ulionigusa zaidi. Tarehe 1 Juni 1886 mwili wa Ramses II ulifunguliwa sanda mbele ya Khedive Tawfiq, mtawala wa Misri wa wakati huo, na wageni wake kwa muda wa dakika chache tu, na kitani kilichokaa mwilini kwa karne nyingi kikavuliwa kama tamasha. Linganisha na Amenhotep I, ambaye sanda yake pamoja na mashada yake ya maua haijaguswa na wanasayansi wa zama zetu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021 ulimchunguza kwa mionzi ya CT-scan peke yake, inayoonyesha ndani ya mwili bila kuufungua, ukaonyesha kwamba alifariki akiwa na umri wa takriban miaka 35, kwamba ana hirizi 30 mwilini, na kwamba makuhani wa Nasaba ya 21 waliurekebisha mwili wake baada ya wezi wa makaburi kuuharibu. Hakuna uzi uliokatwa ili tuyajue hayo. Kwa njia hiyohiyo iligundulika mwaka 2012 kwamba Ramses III alikatwa koo, jeraha ambalo lilikuwa limefichwa chini ya vitambaa vya shingoni, na kwamba waliomhifadhi waliweka hirizi ya Jicho la Horus, alama ya kinga ya Wamisri wa kale, ndani ya kidonda hicho. Anayejua habari hii hawezi kupita mbele yake kwa haraka.

Kuhusu uhifadhi, adui ni unyevu, hewa ya oksijeni na viumbe vidogo vinavyoishi kwayo. Ramses II alipelekwa Paris mwaka 1976 baada ya mwili wake kushambuliwa na kuvu, akatibiwa kwa mionzi ya gamma, na katika msafara wa 2021 miili yote ilisafirishwa ndani ya vyombo vilivyojazwa gesi ya naitrojeni. Mgeni haoni kazi hiyo, lakini bila kazi hiyo pasingekuwa na ukumbi.

Ninabaki na shaka moja nzito. Mwaka 1980 Rais Anwar Sadat aliamuru chumba cha mumia katika makumbusho ya zamani kifungwe, akiona kwamba kuwaanika wafalme mbele ya watalii ni kuwavunjia heshima, na kilikaa miaka mingi kabla ya kufunguliwa tena. Wapo wanaojibu kwamba Wamisri wa kale walitaka majina yao yatajwe milele, na hapa yanatajwa kila siku. Jibu hilo lina uzito, ila watu hao hao walichimbiwa makaburi ya siri, na makuhani wakawahamisha na kuwaficha, wengi wao Deir el-Bahari karibu na Luxor, ili mikono ya wezi isiwafikie. Sisi wa Afrika Mashariki, ambao mafuvu ya wazee wetu yaliyochukuliwa enzi za ukoloni wa Kijerumani bado yamo Berlin, tunalielewa vizuri suala la idhini.

Kwa hiyo naupendekeza ukumbi huu kwa moyo wote, na anayekwenda na watoto awaeleze mapema kwamba watakutana na maiti halisi. Lakini kama uamuzi ungekuwa wangu, Amenhotep I ndiye angekuwa kielelezo: Seqenenre Tao, ambaye uso wake bado una majeraha ya silaha zilizomuua, angefunikwa kabisa, na picha za CT-scan za majeraha hayo zingewekwa pembeni kwa ajili ya yule anayetaka kuyasoma.